Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda nyumbani

Tarehe 3 Juni Kanisa Katoliki huwakumbuka Mashahidi wa Uganda: Karoli Lwanga na wenzake 21, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe hiyo hiyo mwaka 1886.

Kama parokia iko mbali, tunawashauri wazazi muisherehekee nyumbani jioni. Washeni mshumaa, mtoto mmoja asome majina yao, kisha simulieni habari za Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye miaka kama 14.

Watoto wadogo msiwatishe kwa habari za moto. Waambieni jinsi Lwanga alivyombatiza Kizito usiku wa kuamkia siku waliyohukumiwa. Mtoto akiuliza kwa nini hawakuikana imani ili wapone, msimkemee. Mwulizeni yeye angefanya nini, mkamsikilize.