Ng'ombe wa Muindi Mbingu

Barabara inayopita City Market, Nairobi, ina jina la mtu aliyepigania ng'ombe. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, eti inamaliza udongo. Ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu, wakauzwa kwa bei ya kutupa, wengi wakipelekwa kiwanda cha Liebig, Athi River. (Udongo ulihurumiwa, kiwanda kikapata nyama. Hesabu hiyo mimi naielewa hata bila digrii.)

Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, hadi Nairobi kumtafuta gavana. Walikaa Kariokor majuma kadhaa. Yeye alikamatwa, akahamishiwa Lamu, lakini serikali ikarudi nyuma, ikaacha kuwanyang'anya watu mifugo.

Jumamosi, jamaa aliyekuwa akitutembeza sokoni alitueleza sana kuhusu paa na madirisha. Nikamuuliza mbona hamtaji mwenye barabara. "Wageni wanapenda jengo," akanijibu, akatuingiza ndani, kwenye bucha, mapaja ya ng'ombe yakining'inia na wauzaji wakituita: "Kastoma, kilo ngapi?"