Tumebaki wawili: jinsi nilivyojifunza bao kwa Baba

Kwenye kipindi kilichopita tuliuliza swali dogo tu: ukiwa nyumbani na mzee wako, nyinyi wawili peke yenu, mnacheza nini? Wengi mlijibu karata. Wachache mkasema ludo. Mmoja akatuma sauti ya sekunde nne: "Tunatazama simu, kila mtu yake." Nadhani huyo ndiye aliyesema kweli kwa niaba yetu sote.

Niliahidi kuandika jibu langu huku kwa sababu ni refu, na lina historia ndani yake.

Kwetu tulikuwa wanne: Baba, Mama, kaka yangu na mimi, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu mashariki ya London. Jumamosi usiku, baada ya chakula, ilikuwa karata, au dhumna, au keram ambayo Mama aliipaka poda mpaka sebule nzima inanukia mtoto mchanga. Wawili kwa wawili. Mama alikuwa mwizi wa karata wa kuaminika, na Baba, aliyekuwa upande wake siku zote, alijifanya haoni. Kiswahili changu kingi nimekipata mezani hapo. Shuleni sikukitumia, na madrasa tulisoma na watoto wa Kibengali.

Halafu kaka akahamia Canada. Mama akafariki, mwaka wa tatu sasa. Nikarudi kukaa na Baba, nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: michezo yetu yote ilikuwa ya watu wanne. Unaweza kucheza dhumna wawili, ndiyo. Lakini kila tukijaribu tulikuwa tunaviona viti viwili vitupu. Baada ya wiki mbili Baba akazirudisha dhumna kwenye boksi lake, akasema, "Hizi zipumzike." Tukabaki na televisheni.

Mimi ni mfamasia. Tatizo nikiliona, natafuta dawa yake. Nikaanza kusoma juu ya michezo ya watu wawili, na nikajikuta nasoma juu ya nyumbani.

Chukua karata. Baba huziita kopa, uru, pau na shupaza. Nilidhani ni maneno ya Kizanzibari tu, ya mtaani. Kumbe kwa Kireno ni copas, ouros, paus na espadas. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Ngome imebaki, na karata zimebaki pia, na bado mzee wa Kiunguja akiwa London anatupa shupaza bila kujua kwamba anaongea Kireno. Sataranji imetujia kwa njia ya Kiarabu, na Waarabu waliipata kwa Waajemi, nao Waajemi waliipata India. Keram nayo ni ya India. Drafti, hata jina linajieleza. Yaani sebule yetu ilikuwa bandari. Kila mchezo umeshuka kutoka kwenye chombo fulani.

Isipokuwa mmoja, ambao hatukuwa nao.

Neno "bao" mimi nililijua kwenye mpira tu. "Wamepata bao la pili!" Kwamba ni mchezo nilijua kwa mbali, kama unavyojua jina la kijiji cha babu. Nilipomuuliza Baba kama anaujua, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuogelea.

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma, Baba."

"Umesoma," akasema, akacheka kidogo, akarudi kwenye taarifa ya habari.

Basi nikaendelea kusoma. Bao ni mmoja wa ukoo mkubwa wa michezo ambao wataalamu huuita mankala, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha. Unachukua mbegu shimoni, unazisambaza moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Wasomi wa Ulaya wameuandika ukoo huu kwa muda mrefu: Thomas Hyde wa Oxford aliuzungumzia katika kitabu chake cha michezo ya mashariki cha mwaka 1694. Afrika Magharibi wana wa safu mbili. Huku kwetu, kuanzia maziwa makuu hadi pwani, safu ni nne. Waganda wana omweso, Wanyarwanda na Warundi wana igisoro, Wangazija wana mraha. Oman kuna hawalis, wenye safu nne pia. Kwa hiyo msikilizaji wetu wa Maskati, ukimwona babu anachimba vishimo mchangani, usidhani amechoka na maisha.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, manane kwa kila safu, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Katika bao kubwa, kila mtu anaanza na kete 10 tu ubaoni: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, ziko mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Hatua hiyo inaitwa namua. Zikisha mkononi, mnaingia hatua ya pili, mtaji. Ukiimaliza safu ya mbele ya mwenzako, umemfunga.

Kuna kitu kimoja ambacho kilinisimamisha. Kwenye sataranji kipande kikiliwa kimekufa, kinawekwa pembeni ya meza. Drafti vilevile. Hata kwenye mankala nyingi za safu mbili, mbegu ulizokula unaziondoa na kuzihesabu mwisho. Kwenye bao, ukila kete za mwenzako unazipanda upande wako. Hakuna kete inayotoka. Mnaanza na 64 na mnamaliza na 64, na zile zilizokuwa zako jana zinaweza kurudi kwako zamu ijayo. Ndiyo maana hesabu yake ni nzito. Ubao haupungui ukawa rahisi, kama sataranji inavyopungua kuelekea mwisho. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliandika kitabu kizima mwaka 1995 kuhusu akili za mabingwa wa bao, baada ya kukaa nao Zanzibar: wanakumbukaje, wanahesabu vipi mizunguko ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifuata hata kwa macho.

Nilimsomea Baba kipande hicho kwa tafsiri yangu mbovu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kugeuza macho kutoka kwenye televisheni, "Babu yako hakuwa anahesabu. Alikuwa anatazama tu."

Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza kunipa juu ya babu yangu kwa muda mrefu sana.

Wengi wenu mnajua tulivyo. Wazee wetu walioondoka Unguja hawahadithii. Ukiuliza mwaka fulani, unajibiwa kuhusu embe. Mimi nilikuwa na historia ya vitabuni na Baba alikuwa na yake, na hazikuwahi kukutana. Siku nilipofika kwenye mwaka 1972 ndipo zilipokutana.

Tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alipigwa risasi na kuuawa kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui. Alikuwa anacheza bao. Inaelezwa hivyo kwenye vitabu, kwa sentensi moja, kisha wanaendelea na siasa: nani alifanya, nani alikamatwa, Aboud Jumbe akashika nafasi. Mimi nikabaki kwenye lile neno, bao. Mtu aliyekuwa na mamlaka yote yale kisiwani, na jioni bado alikuwa anakaa na wenzake kwenye ubao. Hata Mwalimu Nyerere, ng'ambo ya maji, alijulikana kwa kupenda bao. Ulikuwa mchezo wa marais na wa wachukuzi.

Nikamuuliza Baba moja kwa moja. Alikuwa na miaka 17 wakati huo.

Alinyamaza, nikadhani nitajibiwa embe. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa na bao la mninga kwenye baraza ya nyumba yao Ng'ambo, na kila alasiri wanaume walikaa hapo mpaka magharibi. Baada ya siku ile, babu alilibeba ndani, akalifunga kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda. Hakukatazwa na mtu. Aliogopa tu wanaume wanne watano wakikaa pamoja mbele ya mlango wake, mtu apite, aulize wanazungumza nini. "Bao halichezwi kimya," Baba alisema. "Lazima watu wapige kelele. Na wakati ule kelele hatukuzitaka."

Lilitoka chini ya kitanda baada ya muda gani, hakumbuki. Yeye mwenyewe aliondoka miaka michache baadaye, kwanza Dar es Salaam, kisha huku. Hakucheza tena. Nilipouliza kwa nini hakutufundisha, alisema wacheza bao hapa walikuwa wachache, na kaka yako hakuwa na subira.

"Na mimi?"

"Wewe?" Alishangaa kweli. "Bao lilikuwa la wanaume, mwanangu. Barazani. Mama zetu walikuwa wanatuletea kahawa, basi."

Sikumjibu. Nilimwandikia shangazi.

Bao lenyewe, lile la mninga, halipo. Liliharibika zamani, mchwa, alisema. Lakini alinitafutia jingine kwa fundi, jepesi, akalipa mtu aliyekuwa anasafiri, likaja limefungwa kwenye kanga pamoja na mfuko wa komwe. Komwe ni mbegu za mkomwe, za kijivu, ngumu kama kokoto, na ndizo kete zinazopendwa. Mti huu unaota pwani za joto duniani kote na mbegu zake zinaelea. Mkondo wa bahari huzibeba kutoka Karibi mpaka visiwa vya Scotland, na watu wa huko zamani walizivaa kama hirizi bila kujua zimetoka wapi. Nilimwambia Baba habari hiyo. Alizimwaga kwenye kiganja, akazitikisa, akasikiliza mlio wake kwa muda. Hakuzungumzia Scotland.

"Kaa," akasema.

Tulianza na bao la kujifunza, na hata wewe unaweza kuanza nalo leo. Kete zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo, mbili kila shimo. Huna ubao? Chora mashimo 32 kwenye kadibodi, tumia maharage. Unachukua kete za shimo lako moja na kuzipanda moja moja, kulia au kushoto, ndani ya safu zako mbili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unazila hizo zake na kuzipanda upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Unaendelea hivyo mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu. Hapo umelala, zamu ya mwenzako. Kama unaweza kula, lazima ule. Kama huwezi, unatakata, yaani unazungusha za kwako bila kula. Sheria nyingine utazijua ukifungwa.

Mimi nimefungwa sana. Baba anacheza haraka, kwa mkono wa kushoto, na wala hahesabu: anatazama tu. Kitu ambacho sikukitegemea ni lugha. Baba ninayemjua huongea Kiswahili cha taratibu, kilichosafishwa, ili mimi nielewe. Kwenye bao kinatoka kingine, cha kasi, cha barazani. "Lala hapo, lala! Unakwenda wapi na mzigo wote huo? Nyumba yako inaungua weye, hebu tazama!" Mara ya kwanza nilielewa nusu. Sikumkatiza kuuliza. Niliandika maneno kwenye simu chini ya meza, na sasa ninamrudishia. Juzi nilimwambia nyumba yake inaungua, akacheka mpaka akavua miwani.

Katikati ya zamu mambo mengine yanaponyoka. Jina la mzee aliyekuwa anaiba kete. Mtoto aliyetumwa kuleta kahawa na kuinywa njiani, ambaye ndiye yeye. Siulizi. Nimejifunza kwamba nikiuliza, anakumbuka kuwa anahadithia, na anaacha.

Kwa hiyo, ukiniuliza mchezo gani mzuri kwa watu wawili, siwezi kukuambia bao ndilo bora duniani. Sataranji ina vitabu vingi zaidi, na karata zinaingia mfukoni. Ninachoweza kusema ni hiki: tafuta mchezo ambao mzee wako anaujua kuliko wewe, na ukubali kufungwa kwa muda mrefu.

Wiki iliyopita nilimfunga Baba kwa mara ya kwanza, bao la kujifunza, saa tano usiku. Alitazama safu yake ya mbele iliyobaki tupu, akahesabu mashimo kwa kidole kana kwamba nimemdanganya.

"Aa. Mama yako alikufundisha kuiba," akasema.

Kisha akazikusanya komwe zote, akaanza kupanga upya, mara hii sita kwenye nyumba, mbili, na mbili, na akanipa 22 mkononi.