Maji ya Magoti Si Mchezo: Rada ya Kuvua Samaki na Kayaki, Kutoka Ruiru Hadi Kilifi

Lazima umeona zile video za majamaa wa Marekani wamekaa kwa kayaki, maji ni ya magoti tu, halafu samaki mwenye mistari anavuta mshipi hadi kayaki inageuka. Huyo anaitwa striped bass. Ni wa pwani ya mashariki ya Marekani, na hupanda mito kama Hudson kutaga mayai. Huku kwetu hayuko.

Lakini hiyo gemu iko, na haihitaji viza. Unashika Eastern Bypass hadi Syokimau, unapanda SGR hadi Mombasa, kisha mat ya Kilifi, kama kilomita 60 hivi. Pale Kilifi kuna hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, una mikoko kando na tope pana maji yakipungua. Kabla ujipange na mbogi yako, soma hii yote. Kitu kitakuweka kwa shida huko si samaki. Ni maji yenyewe.

Samaki huja na maji

Hii ndiyo siri, na ni moja Marekani na Kilifi. Bahari ikijaa, maji hufunika tope na nyasi. Kamba, kaa na samaki wadogo hutoka kutafuta chakula, na wale wakubwa huwafuata. Bahari ikianza kupwa, wote hurudi kwa mkondo wenye kina. Kwa hivyo unavua maji yakiwa yanaingia, ama unangoja kwa mdomo wa mkondo yakitoka. Ukienda saa mbaya utapigwa na jua bure.

Huku kwetu utapata kolekole, changu, tewa na msusa. Chambo ni kamba ama kipande cha ngisi. Msusa ana meno kama wembe, kwa hivyo weka kipande cha waya kati ya ndoana na mshipi, na usimshike mdomo.

Hesabu ya maji

Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Kila siku ratiba husonga mbele kama dakika 50, so saa ya jana si saa ya leo. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, tunaita bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasonga polepole. Kama wewe ni mgeni, anza na maji mafu.

Sasa shika hii. Maji hayatoki kwa spidi moja. Gawa yote mara 12. Saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote huhepa ndani ya saa mbili za katikati. Kama tofauti ni mita 3, hapo mita moja na nusu imeenda. Ulikuwa unaelea juu ya maji ya kifua, unainua macho, kayaki imekaa kwa tope. Ukishuka unazama hadi magoti, jua linachoma, na maji ya kunywa yameisha. Huo ndio mtego. Ule mwingine ni mkondo wenyewe, unaweza kukubeba kuelekea bahari kuu ukidhani unapumzika.

Vitu vya kubeba

- Jaketi la kujiokolea, na uwe umelivaa. Kulikalia si kulivaa.
- Kayaki ya kukalia juu. Ina matundu ya kutoa maji, na ikipinduka unaigeuza na kupanda tena. Jaribu hiyo karibu na ufuo kwanza, kabla ya kushika mshipi.
- Upondo, ule mti mrefu wavuvi hutumia kusukuma chombo. Kwa maji mafupi unasaidia kuliko kafi, na ukiuchomeka kwa tope unakuwa nanga.
- Ukitumia nanga ya kamba, ifunge mbele ama nyuma. Ukiifunga ubavuni mkondo utakupindua.
- Viatu vya kufunga. Chaza wa mikoko hukata vibaya. Ukitembea, buruta nyayo ili taa aliyelala mchangani asikie na ahepe. Ukimkanyaga, mwiba wake ni noma.

Sheria nayo?

Ulizia leseni kwa ofisi ya Kenya Fisheries Service, na upitie kwa BMU, ile kamati ya wavuvi wa ufuo. Hifadhi za bahari kama Watamu, iliyotengwa 1968, zina sehemu ambazo huruhusiwi kuvua kabisa. Samaki wadogo warudishe. Hao Wamarekani walivua striped bass hadi akaanza kuisha, na 1984 ikabidi Kongresi yao ipitishe sheria ya kumlinda.

Ukweli wetu sisi wa bara

Wengi wetu tumekulia Kimbo, Kihunguro na Githurai bila kufunzwa kuogelea. Maji tunayoyajua ni ya machimbo ya mawe, na kila mtaa una kijana alienda kuogelea huko akarudi amebebwa. Tunaogopa kina, kwa hivyo tukiona maji ya magoti tunasema hapa ni safi. Bahari haiko hivyo. Magoti ya sasa ni kichwa baadaye, na ni tope baada ya hapo.

So jifunze kuogelea kwanza. Epuka katikati ya mwaka, kusi huvuma kwa nguvu. Halafu ukifika, tafuta mvuvi mzee, msalimie shikamoo, na umuulize swali moja kabla ya bei ya chochote: "Leo maji yanatoka saa ngapi?" Akikujibu, toa saa moja, na hiyo ndiyo saa yako ya kurudi. Hata kama samaki ndio wameanza kuuma.