Njia za Gombe na sisi watu wa ng'ambo

Wengi kati yenu mlipita mbele ya Gombe bila kujua kama ni Gombe. Meli ikishatoka Kigoma na kugeuza uso kuja Baraka, upande wa kuume kunabaki ukuta wa milima, mgongo na bonde, mgongo na bonde, kuelekea Burundi. Kuna kipande kimoja ambako mabonde yana weusi wa miti mpaka chini kwenye mchanga, na milima jirani imebaki nyasi tu. Kile kipande cheusi ndicho hifadhi. Ila mwaka 2005, HCR ilipoanza kuturudisha kwa meli, nani alikuwa na roho ya kuhesabu miti? Macho yote yalikuwa mbele, kutafuta Ubwari.

Tunaandika juu ya Gombe sasa kwa sababu ya mabishano tuliyo nayo tangu msimu uliopita, kuhusu miti ya kando ya mto juu ya mashamba yetu. Wengine wanasema tuilinde, wengine wanasema sisi hatukurudi nyumbani kuja kulinda miti, tulirudi kulima. Yote mawili yana ukweli. Na Gombe ni pori ambalo historia yake imeshikana na ya kwetu kuliko watu wanavyozania.

Kwanza pori lenyewe. Liko kilomita kama 16 kaskazini ya Kigoma, ni moja ya hifadhi ndogo za Tanzania, na balabala hakuna. Unafika kwa boti, unashuka ufukweni Kasekela, na kutoka pale ni miguu yako na muongozaji. Njia inayojulikana zaidi inapanda na kijito cha Kakombe. Chini ni msitu mzito wenye giza, maji yanasikika hata pale ambapo hayaonekani, na mwisho wa bonde kuna maporomoko yanayoanguka kwenye ukuta wa jiwe. Ukiacha kijito na kupanda mgongoni, msitu unakwisha mara moja na unaingia miombo, miti yenye nafasi, jua kali, mawe yanateleza. Juu kuna mahali panapoitwa kilele cha Jane. Siku isiyo na ukungu unaona ziwa lote na milima ya kwetu ng'ambo, kama vile sisi tunavyoiona ya kwao.

Kitu kimoja msomaji wa gazeti letu atakielewa haraka kuliko mtalii. Mle mabondeni kuna michikichi. Mchikichi katikati ya msitu, kwa mtu wa ziwa letu, ni barua: hapa watu walikaa, walikamua mawese, walizika wazee wao. Waingereza walifanya mahali pale akiba ya wanyama mwaka 1943, na mwaka 1968 serikali ya Tanzania ikapafanya hifadhi ya taifa. Watu hawakuendelea kulima mle. Wavuvi waliachiwa kupiga kambi ufukweni na kuanika dagaa, sisi twasema ndagala, lakini mabonde yakawa ya sokwe, na leo sokwe ndio wanaokula zile chikichi. Sisi tuliorudi na kutambua kiwanja cha baba kwa sababu ya mwembe mmoja uliobaki, hatuwezi kupita chini ya michikichi ile na kuona uzuri tu.

Sasa habari ya Kongo. Jane Goodall, yule mama Muingereza aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Alikuwa na miaka 26, na serikali ya wakati ule haikukubali akae porini peke yake, ndiyo maana alifuatana na mama yake mzazi. Wengi wanajua hayo. Kinachosahauliwa ni kwamba alicheleweshwa Kigoma, na aliyemchelewesha ni Kongo. Uhuru wetu ulikuwa tarehe 30 Juni. Siku chache baadaye jeshi likaasi, na Wabelgiji wakavuka ziwa kwa wingi na watoto na masanduku. Mji mdogo wa Kigoma ulijaa wakimbizi. Jane na mama yake walipewa ruhusa ya kupiga hema kwenye uwanja wa gereza, na kazi yao ya kwanza pale haikuwa sokwe: walisaidia kutayarisha mikate yenye nyama ya kopo, karibu elfu mbili, kwa ajili ya wale waliovuka. Kumbe na Wabelgiji walipanga mustari wa chakula Kigoma! Wazee wetu waliopanga mustari uleule miaka 36 baadaye wakisoma hapa wacheke kidogo, wana haki.

Baadaye akaingia porini. Alifundishwa njia na wenyeji, kati yao Rashidi Kikwale, na mwaka uleule alimwona dume aliyemwita David Greybeard akichokonoa kichuguu kwa jani la nyasi na kula mchwa walioshikilia. Mpaka siku ile wakubwa wa elimu walikuwa wanasema ni mwanadamu tu anayetengeneza chombo cha kazi. Walilazimika kufikiri upya.

Mara ya pili Kongo kuingia Gombe haikuwa kwa kukimbia. Wazee wa Fizi hawahitaji kuelezwa PRP ya Laurent-Désiré Kabila ni nini, wala Hewa Bora ilikuwa wapi. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu kama 40 wenye bunduki walivuka ziwa kwa boti, wakashuka Kasekela, wakawachukua wanafunzi wanne wa utafiti: Wamarekani watatu na Muholanzi mmoja. Mmoja alirudishwa baada ya wiki akiwa na barua ya masharti: pesa, silaha, na wafungwa wa chama waliokuwa mikononi mwa Tanzania. Wengine walikaa milimani kwetu wiki nyingi. Mpaka mwisho wa Julai wote walikuwa wamerudi wazima. Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Kila jamaa Fizi iko na habari yake ya miaka ile, na si zote zinasemwa mezani.

Ila matokeo yake tunayaandika kwa furaha. Baada ya usiku ule wageni waliondolewa. Watu wa Ulaya na Marekani walizania kazi imekufa. Haikufa. Vijana wa vijiji vya kando ya hifadhi, chini ya watu kama Hilali Matama, waliendelea kutoka kila asubuhi, kufuata sokwe kwenye njia zilezile, na kuandika: nani ameamka wapi, amekula nini, amepigana na nani. Waliandika kwa Kiswahili. Wakati ule kundi la Kasekela lilikuwa limegawanyika, na kuanzia 1974 mpaka 1978 madume wa Kasekela waliwaua mmoja mmoja wale waliohamia kusini, Kahama. Ndugu waliokula mti mmoja! Sehemu kubwa ya tunachojua juu ya vita ile imetoka katika madaftari ya watu wasiokuwa na diploma.

Halafu ikaja zamu yetu, 1996. Nyarugusu ilifunguliwa, mwaka uliofuata Lugufu. Kambi hizi haziko karibu na Gombe, na ni uongo kusema mkimbizi wa Lugufu alikata miti ya hifadhi. Lakini mkoa ulikuwa mmoja na moto wa jikoni ni moto. Wamama zetu wanajua walikuwa wanatembea mbali namna gani kufuata kuni, na wanajua maneno waliyoambiwa njiani na wenyeji. Lakini milima ya kando ya Gombe ilianza kunyolewa kabla yetu. Jane Goodall mwenyewe aliiona kutoka kwa ndege ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1990: msitu umebaki kisiwa, na pande zote udongo mtupu. Mwaka 1994 mradi wa TACARE ukaanza katika vijiji, na jambo lililotupendeza ni kwamba haukuanza na sokwe. Ulianza kwa kuuliza watu wanataka nini: maji, zahanati, masomo, mikopo midogo kwa wamama. Miti ilikuja ndani ya mazungumzo hayo, na vijiji vikapanga wenyewe sehemu gani ya ardhi yao iachwe.

Na kuna siri ya miombo ambayo wakulima wetu wanaijua lakini tunaisahau tukipewa bahasha za mbegu. Mti wa miombo ukikatwa, kisiki hakifi. Kikiachwa bila moto na bila mbuzi, kinachipuka, na miaka mitano tu inatosha kukufanya uinue shingo kukiona juu. Milima mingi ya kando ya Gombe ilirudisha miti namna hiyo, bila kitalu.

Huku kwetu habari ya hifadhi ina uchungu wake. Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 kwanza, mazungumzo na wenyeji juu ya mipaka yakafuata, na mipaka ikaandikwa 2016. Wanaoogopa kwamba mti unaolindwa leo kesho utakuwa mpaka wa mtu mwingine hawaogopi hewa.

Kwa hiyo komite inapeleka kwenye mkutano mkuu pendekezo dogo. Tuache visiki kwenye kingo za mto, kutoka daraja la miti mpaka pale wamama wanapofulia, tuzuie moto na mbuzi kwa miaka mitatu, na njia ya miguu ibaki wazi kwa kila mtu. Hakuna kibao kitakachosimamishwa, na hakuna karatasi itakayosainiwa na mtu wa nje. Jamaa saba ziko na mashamba yanayogusa ukingo. Hizo zitasema kwanza, na zikikataa, tutatafuta mahali pengine.