Mtu wa Dirishani

Shangazi yangu alipolazwa, kazi yangu ilikuwa kupanda na kushuka ngazi. Daktari anaandika cheti, nesi ananikabidhi, nashuka hadi dirisha la dawa, napanda na mfuko. Siku ya tatu mfamasia, kijana wa rika langu, alikisoma cheti mara mbili kisha akainama dirishani. “Dada, mgonjwa wako ana kilo ngapi? Majibu ya figo yametoka?” Sikujua. Nilipanda kuuliza, nikashuka na majibu, naye akapiga simu wodini. Dozi ikapunguzwa. Hakuna aliyelifanya kuwa jambo kubwa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje mtu anayeijua dawa kuliko wote katika jengo lile ndiye aliyekaa mbali kuliko wote na mgonjwa.

Swali hilo lina historia, na sura yake iliyoandikwa vizuri zaidi iko Marekani. Mwaka 1952 chama cha wafamasia cha nchi hiyo kilipitisha kanuni za maadili zilizomtaka mfamasia asizungumze na mgonjwa kuhusu dawa aliyoandikiwa, inafanya kazi gani wala ina nini ndani yake. Akiulizwa, amrudishe mgonjwa kwa daktari. Kunyamaza ndiko kulikuwa adabu ya kazi, na kanuni hizo hazikubadilishwa hadi mwaka 1969. Hospitalini mambo yalifanana na hayo. Famasi mara nyingi ilikuwa chini kabisa ya jengo, ikipeleka wodini chupa na makopo ya jumla yakapangwe kabatini. Nesi ndiye aliyehesabu vidonge, akavuta sindano, akachanganya dripu, na haya yote akiwa na wagonjwa wengine wanaomwita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Florida, Kenneth Barker na Warren McConnell walifanya jambo ambalo ukilifikiria leo unashangaa kwa nini halikufanywa mapema. Hawakutegemea ripoti za makosa zilizojazwa na wafanyakazi wenyewe. Waliwafuata manesi wakati wa kugawa dawa, wakatazama. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1962, yalionyesha kosa katika takribani dozi moja kati ya kila sita. Si kila kosa lilimdhuru mtu, lakini mafaili ya hospitali yalikuwa na sehemu ndogo mno ya makosa hayo. Hawakuwa manesi wazembe. Kazi yenyewe ilipangwa kwa namna ambayo binadamu lazima akosee. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo ulikuja utaratibu wa kufunga kila dozi peke yake, ikiwa na jina la dawa na kipimo chake, ili ifike wodini tayari kwa mgonjwa fulani.

Mwaka 1966, hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco ilipiga hatua nyingine: ilifungua famasi ndogo katika ghorofa ya tisa, kwenye wodi za upasuaji zenyewe. Kwa mara ya kwanza wafamasia wale walikuwa karibu kiasi cha kusikia daktari anapofikiri kwa sauti. Wengi wanaosimulia asili ya taaluma ya ufamasia wa wodini huanzia ghorofa hiyo. Mimi naona kisa chenyewe kilikomaa Boston, karibu miaka thelathini baadaye.

Betsy Lehman alikuwa mwandishi wa safu ya afya katika gazeti la Boston Globe. Alikuwa na miaka 39, mabinti wawili, na saratani ya matiti. Novemba 1994 alikuwa amelazwa Dana-Farber, moja ya taasisi za saratani zinazoheshimika zaidi duniani, ambako hata mumewe alikuwa mwanasayansi. Alikuwa katika utafiti wa matibabu ya dozi kubwa, na mojawapo ya dawa zake ilikuwa siklofosfamidi. Kiasi kilichokusudiwa kugawanywa kwa siku nne kiliandikwa kana kwamba ni cha kila siku. Akapewa hivyo kwa siku zote nne. Alifariki tarehe 3 Desemba.

Kinachonisumbua katika kisa hiki ni kwamba agizo lile halikupita gizani. Lilipita mikononi mwa madaktari, wafamasia na manesi, watu waliosoma na wenye uzoefu. Lakini mahali ambapo dozi kubwa ndiyo majaribio ya kila siku, namba kubwa haimshtui mtu. Mfamasia aliyekuwa mbali na kitanda aliona karatasi na namba iliyoandikwa juu yake. Kosa halikugunduliwa hadi Februari mwaka uliofuata, na aliyeligundua alikuwa karani aliyekuwa akipitia takwimu za utafiti. Mgonjwa mwingine alikuwa amepewa dozi iliyozidi kwa namna ile ile.

Sasa, kilomita chache kutoka hapo, katika jiji hilo hilo na majira hayo hayo, jaribio lingine lilikuwa limeanza. Oktoba 1994, katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya Massachusetts General, mfamasia aliacha kusubiri maagizo yashuke. Alijiunga na raundi ya asubuhi. Alisimama miguuni mwa kitanda pamoja na madaktari na manesi, kisha akabaki wodini sehemu ya asubuhi ili aulizwe.

Mmoja wa waliokuwa nyuma ya jaribio hilo alikuwa Lucian Leape, daktari wa upasuaji wa watoto aliyeacha kisu akageukia kuchunguza kwa nini tiba inaumiza watu. Yeye na wenzake walikuwa wamegundua kwamba makosa mengi ya dawa huzaliwa wakati wa kuandika agizo, na kwamba sababu iliyojitokeza zaidi ni daktari kukosa taarifa kuhusu dawa wakati ule ule anapoihitaji. Mfamasia wa chini alikuwa nazo, lakini zilifika baada ya kalamu kuwekwa mezani.

Chumba cha mahututi ndicho mahali ambapo kuchelewa huko ni ghali zaidi. Mgonjwa yuko kwenye mashine na hawezi kusema kwamba tumbo linamchoma au kwamba dawa fulani iliwahi kumvimbisha uso. Figo zake jana zilifanya kazi, leo zimelegea, na antibayotiki iliyokuwa sawa jana leo inajikusanya mwilini kama sumu. Dawa za kupandisha presha huingia kidogokidogo kwa dakika, kulingana na uzito. Dripu mbili zinazopita mrija mmoja zinaweza kugandiana kabla hazijafika kwenye mshipa. Hakuna kichwa kimoja kinachoweza kuyashika hayo yote saa tatu asubuhi baada ya zamu ya usiku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Madhara ya dawa yaliyoweza kuzuilika, yanayotokana na makosa ya kuagiza, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, yaani asilimia 66. Katika chumba cha wagonjwa wa moyo, ambacho hakikuwa na mfamasia kwenye raundi, hayakupungua. Watafiti walikadiria kuwa wodi ile moja iliokoa takribani dola 270,000 kwa mwaka. Ilikuwa wodi moja tu, na mwenye kutilia shaka ana haki yake. Lakini namba niipendayo ni nyingine. Mfamasia alitoa mapendekezo 366 kuhusu maagizo ya dawa, karibu nusu yakiwa ya kufafanua au kurekebisha agizo. Madaktari walikubali 362. Wale waliodhaniwa wangejiona wameingiliwa walikuwa wakihitaji mtu wa kumuuliza.

Miaka hiyo hiyo hospitali za Marekani zilianza kuondoa kabatini wodini vichupa vya kloridi ya potasiamu isiyozimuliwa, ambayo ikidungwa moja kwa moja inasimamisha moyo, na ambayo iliwahi kuchukuliwa kwa kudhaniwa ni dawa nyingine. Ilirudishwa famasini, ichanganywe huko kabla ya kupanda. Inachekesha kidogo: ili usalama upatikane, mfamasia alipaswa kwenda juu na baadhi ya dawa zilipaswa kushuka chini.

Shangazi aliruhusiwa baada ya siku kumi na moja. Nilipita dirishani kumuaga yule kijana, nikamkuta mwenzake. Akaniambia yuko juu, kwenye raundi ya mahututi, anakopanda mara mbili kwa wiki. Siku nyingine anabaki hapo chini, kwa kuwa wapo wawili tu, na foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni.