Mtumba Uliopita Unyanyembe

Sisi wa Igunga tunaijua njia kuu kwa malori yake, yatokayo Singida kuelekea Nzega. Njia ya zamani ya misafara ilipita kusini kwetu. Ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo hadi Tabora, na hapo ikagawanyika: huku Ujiji, kule Karagwe na Buganda.

Wanafizikia wa mitandao wanatusaidia kuielewa Tabora. Mwaka 1999 Albert-László Barabási na Réka Albert walieleza kwamba katika mitandao mingi kiungo kipya huelekea kujiunga pale palipo na viungo vingi tayari. Ndivyo ilivyokuwa Unyanyembe: mfanyabiashara alikwenda waliko wenzake. Wamisionari nao wakafuata. Mapadri Weupe wa kwanza waliotoka Bagamoyo mwaka 1878 waligawanyika Tabora, na mapema mwaka 1879 wengine walikuwa Ujiji, wengine Buganda. Injili ilitembea katika njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, hilo tusilifiche.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika kwamba mfanyabiashara anaweza kuuza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia, kwa sababu ya hatari ya kusafirisha mali. Tunakubali. Lakini hapa kwetu hatari hiyo ilikuwa begani kwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, na faida ilikuwa ya mwenye mzigo.

Katika Zama za Kati Wakristo wa Ulaya walitembea miezi kadhaa hadi Santiago de Compostela, kwenye kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtume Yakobo. Njia yetu iliona hija ya namna nyingine: marehemu ndiye aliyesafiri. David Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaanza safari ya kwenda pwani.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele yao, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Basi wakatengeneza furushi la uongo, wakaonekana wakilirudisha Unyanyembe kwa mazishi. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo. Nguo ilikuwa fedha ya njia ile. Kwa nguo watu walilipa hongo, kwa nguo walinunua chakula, kwa nguo mpagazi alipata ujira wake. Maiti ilikataliwa, mtumba haukuulizwa neno.

Wengine wataita huo udanganyifu. Sisi tunaona watu walioijua njia kuliko yeyote, wakabeba kwa mara moja mzigo usiokuwa na bei.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa misheni. Aprili 18 ulizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya wale walioubeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Susi hakuwa Mkristo alipoubeba mzigo ule. Alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, miaka kumi na miwili baada ya kuutua, akapewa jina la Daudi.