Maalumu ni Kinachojulikana

Shina moja la Kiarabu limetuzalia elimu, mwalimu na maalumu. Hilo la tatu, huko lilikotoka, ni "kinachojulikana". Kwetu likateleza, likawa cha pekee: mgeni maalumu, gari maalumu. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu husikika kama aliyewekwa kando, ilhali shina linamtaja mtu ambaye hitaji lake limefahamika. Mimi nashikamana na shina. Mtoto asiyeona aliyebaki nyumbani, na afisa elimu maalumu wa halmashauri hana habari zake, huyo bado hajawa maalumu. (Na ile u ya mwisho tusiikate, irabu haina gharama.)

Kazi ya kumfahamu mtoto huyo tumeiita upimaji. Sina raha nalo neno hili. Kinachopimwa ni kitambaa, na macho ya mpimaji huenda kwenye kinachopungua. Ubainishaji ni bora: unaweka jambo wazi, na pengine litakalokuwa wazi ni kwamba mtoto anahitaji tu kuketi karibu na ubao.

Katika mageuzi ya sasa ya Tanzania, yenye Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika 2024, jumuishi ni neno la kila kikao. Zuri, ndugu wa jumuiya. Lakini fika shuleni uulize hiyo elimu jumuishi iko wapi. Mara nyingi utaoneshwa kitengo. Kitengo, kutoka kutenga! Najua, ofisi nazo zina vitengo na hakuna anayelalamika, ila ofisini hakuna mtoto anayewachungulia wenzake dirishani. Napendekeza darasa pacha: lina chumba chake na mwalimu wake, lakini tumbo lililolizaa ni moja na madarasa mengine.

Neno nukta nundu, la maandishi ya wasioona, siligusi. Nukta ya Kiarabu, nundu ya Kibantu, na kidole kinaelewa kabla ya jicho. Aliyelibuni alimfikiria msomaji.

Limebaki neno halmashauri lenyewe. Ndani yake mna mashauri, wingi wa shauri. Neno linadai watu wakae, waulizane. Mzazi anayeitwa kuambiwa kwamba mwanawe amepangiwa shule ya bweni wilaya nyingine hajashauriwa, amearifiwa. Kikao cha namna hiyo tukiite tangazo.